Umeme Hauoni Rangi

Shikamoo ile ndiyo iliyonizubaisha. Mkaguzi alikuwa binti mdogo, kofia ngumu kichwani, faili kwapani, akakunja goti kidogo: "Shikamoo, baba." Nikaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufaulu, nikamtuma mtoto soda.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa banda la gari, nililolijenga ubavuni mwa nyumba hapa Mbagala, kwa tofali za mwisho wa mwezi, miaka miwili. Nasema banda kwa makusudi. Mwanzoni niliropoka nikaliita gereji, na wiki ile ile kijana mmoja akanikokotea bodaboda isiyowaka. Kilichobaki ni umeme: taa mbili, soketi tatu na mita yake peke yake, maana mama watoto amechoka kununua uniti zinazoliwa na mashine yangu ya kuchomelea.

Kazi nilimpa fundi wetu wa mtaani. Mnamjua, kila mtaa unaye: testa sikioni kama kalamu ya karani, simu mbili, zote hazina salio. Fomu ya kuombea umeme ilitaka muhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Muhuri aliupata kwa "jamaa yake". Sikuuliza jamaa gani. Ningeuliza, ningelazimika kusikia jibu.

Binti akaanza na soketi. Akafungua ya kwanza, akachungulia, akafungua ya pili.

"Baba, huu waya ni wa 1.5, wa taa. Soketi inataka 2.5."

"Dada, mzee hana vitu vizito humu," fundi akadakia. Nyuma yake mashine ya kuchomelea ilikuwa imefunikwa turubai, gurudumu moja limejitokeza kama mguu wa mwizi chini ya kitanda.

Akauliza mbona waya wa ethi ni mweusi. Ethi ni kijani yenye mstari wa manjano, hata mimi nalijua hilo, na mweusi kwenye nyaya za zamani ndio wa nyutro. Atakayekuja kurekebisha kesho ataushika akidhani ni kitu kingine kabisa. Fundi wangu akacheka kwa upole, kama mwalimu anayemwelewesha mtoto: "Dada, umeme hauoni rangi."

Hapo nilianza kutafuta pa kukaa.

Tukatoka nje kwenye nondo ya ethi. Kazi ya nondo ile ni kuupeleka ardhini umeme unaovuja, usije ukapitia mwilini mwangu. Mkaguzi akainama, akabana kipimo chake juu ya nondo, akakivuta kidogo kukiweka sawa. Nondo ikaja nacho. Ilitoka mchangani kirahisi, kama muhogo uliooza mizizi, akabaki ameinua mkononi chuma kisichofika hata dhiraa moja. Tukakitazama wote watatu. Kuku akaja kuchungulia lile shimo.

"Inatakiwa iwe na urefu gani?" nikauliza, ili tu pawe na sauti.

"Futi nne, baba."

Akaandika sababu tatu kwa mwandiko mzuri, akanipa karatasi kwa mikono miwili. Tangu hesabu za darasa la saba sijafelishwa kwa adabu namna ile. Soda hakuigusa, kazini hapokei kitu, alisema. Fundi akainywa.

Jioni nilimkalisha kibarazani nikamwonyesha karatasi yake ya vifaa, imeandikwa nondo moja, nzima. Akajikuna shingo. Kumbe alikuwa na kazi tatu mwezi ule. Alinunua nondo moja, akapitisha msumeno mara mbili, na kila mteja akaandikiwa nzima.

"Lakini nilikata sawasawa, bosi," akaniambia, na naapa alikuwa anajitetea kwa dhati. "Sikumpendelea mtu."

Gari linalala nje mpaka leo, chini ya mwembe, na embe zimeanza kuiva.

Basi nawaomba ndugu zangu wawili, mmoja wa Tandika, mwingine wa Yombo, mliofungiwa nyaya na bwana mwenye testa sikioni: msivute chochote kwa mikono yenu, tafuteni fundi mwenye leseni yake mwenyewe, na nondo kanunueni wenyewe. Huyu wetu msimtume dukani.