Jinsi ya Kumkuza Mtoto Asiyejua Jema wala Baya

Mzazi mwenzangu, ukitaka mwanao awe mtu mzima anayefunga mkanda wa gari pale tu anapomwona trafiki, usingoje apate leseni. Anza sasa, akiwa na miaka minne. Maelekezo yenyewe ni ya kejeli, ila jambo hili linaniuma, na penye haja nitasema waziwazi.

Kwanza, hesabu hasara, nia usiiulize. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1932 jinsi alivyowasimulia watoto visa viwili. Mtoto mmoja anaitwa mezani. Anasukuma mlango bila kujua kuwa nyuma yake kuna sinia la vikombe 15, na vyote vinavunjika. Mwingine, mama akiwa ametoka, anapanda kiti adokoe jamu kabatini, anaangusha kikombe kimoja. Nani ana kosa kubwa zaidi? Wengi wa wale wadogo walimtaja wa vikombe 15. Wale wa miaka tisa au kumi walikwisha kuanza kuuliza: alikuwa anafanya nini? Wewe mzuie asifike huko. Glasi ya wageni ikimponyoka binti aliyekuwa anakusaidia kuosha vyombo, mchape. Akidokoa nyama jikoni wala kisivunjike kitu, cheka. Ataelewa mwenyewe kwamba ukubwa wa kosa ni bei ya kilichoharibika.

Pili, sababu usitoe. Akiuliza "kwa nini?", mjibu "kwa sababu nimesema." Adhabu ya shati lisilochomekwa ilingane na adhabu ya kumsukuma mwenzake ngazini. Hapa itabidi ujitahidi kweli, maana mwanasaikolojia Elliot Turiel na wenzake walionyesha kwamba hata mtoto wa chekechea hutofautisha mambo hayo mawili: sare ni utaratibu, na mwalimu akiubadilisha si neno, kumpiga mwenzako ni vibaya hata mwalimu akikuruhusu. Mtoto ameshaanza kazi peke yake, na sisi tunaivuruga kwa fimbo moja inayopiga kila kitu sawasawa.

Matokeo ya fimbo hiyo tunaweza kuyapima kwa hatua za mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg. Katika tasnifu yake ya mwaka 1958 alihoji wavulana wa Chicago wa kati ya miaka 10 na 16. Kisa chake kinachojulikana zaidi ni cha Heinz: mkewe anakufa kwa saratani, mwenye dawa anaiuza mara kumi ya gharama ya kuitengeneza, na Heinz amepata nusu tu ya fedha. Je, aibe? Kohlberg hakutafuta ndiyo wala hapana, alisikiliza sababu. "Asiibe, atafungwa" ndiyo hatua ya chini kabisa kati ya hatua zake sita. Juu yake wako wanaofikiria mume mwema angefanya nini, ambayo ni hatua ya tatu, kisha wanaoitazama sheria na jamii nzima, na juu kabisa wanaopima haki yenyewe na thamani ya uhai. Fimbo isiyo na maelezo humfundisha mtoto sababu ile ya kwanza tu, na mtu anaweza kuzeeka nayo. Anaweza kufika nayo ofisini na akakabidhiwa funguo za kasha la fedha.

Lakini ngazi ya Kohlberg nayo isigeuzwe fimbo. Mwanasaikolojia Carol Gilligan aliikosoa mwaka 1982 kwa kuwa ilitokana na wavulana watupu na haikuthamini vya kutosha maadili ya kujali na kutunza. Kabla yake, Carolyn Edwards alifanya utafiti Kenya katika miaka ya 1970. Alieleza kwamba pale watu wanapojuana kwa sura, na ugomvi huishia kwa kupatanishwa, fikra za hatua ya tatu ndizo zinazofaa. Nakubaliana naye. Mzee wa kijiji anayeuliza "kesho mtaishije pamoja?" hajakwama njiani.

Tatu, wakigombania gololi, kimbia ukaamue. Piaget aliwatazama watoto wakicheza gololi na kuona kwamba katika kubishana na kupatana wao kwa wao ndimo wanamoelewa kuwa kanuni ni makubaliano. Ukiamua wewe kila mara, hawatalijua hilo.

Nne, mwenye duka akija kudai, mtume mtoto akamwambie hupo.

Sasa kejeli naiweka kando. Martin Hoffman, aliyechunguza malezi kwa miaka mingi, alisisitiza njia moja: kumwonyesha mtoto alichomfanyia mwenzake. "Mtazame mdogo wako usoni. Analia kwa sababu gari alilolitengeneza kwa waya siku nzima umelikanyaga. Utafanya nini aache kulia?" Maneno haya hayachukui hata dakika moja, nayo yanamwachia mtoto kazi ya kufikiri.

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Nchini Tanzania kanuni bado zinaviruhusu, visizidi vinne. Kwa walimu na wazazi wa pande zote mbili nina ombi moja: kabla ya adhabu yoyote, mtoto aambiwe amemkosea nani na kwa namna gani, naye apewe nafasi ya kujibu.