Bundi wa Ghala la Rongai

Zamani, si za kale sana, wanyama wa Rongai walikuwa na ghala moja karibu na stesheni, pale reli ya Solai ilipokuwa ikiachana na ile inayopanda kuelekea Timboroa. Ndani mlikuwa na mahindi na ngano, ila mali kubwa kuliko zote ilikuwa kichwa cha Tembo. Nguruwe akitaka kujua ana magunia mangapi, humuuliza Tembo. Punda akidaiwa, humuuliza Tembo. Naye hujibu mara mia kwa siku bila kukohoa, hata wenye mali wakasahau kwamba hesabu yao yote imo ndani ya mnyama, na mnyama hufa.

Aliyekumbuka ni Bibi Kobe, ambaye amezika wengi. Kwa shauri lake Buibui akaajiriwa. Kila Jumamosi saa nane za usiku, wakati hakuna mwenye swali, Tembo alianza kusimulia yote tangu gunia la kwanza, na Buibui akayafunga fundo kwa fundo katika uzi wa mkonge wa Mogotio, mpaka kigurudumu kijae. Asubuhi Punda akakibeba kigurudumu hadi Kampi ya Moto, ili ghala likiungua uzi usalimike. (Kuhifadhi kitu kisiungue mahali penye jina hilo lilikuwa wazo la kamati. Kobe alishauri kwingine.)

Miezi mitatu mambo yakaenda. Kisha, Jumamosi moja baada ya mavuno, Tembo akaanguka katikati ya maneno. Puu! Akalala kama gogo. Wakammwagia maji, akaamka, na Jumapili akajibu maswali kama kwamba hakuna kilichotokea. Jumamosi ya pili, puu. Ya tatu, puu. Kila mara uzi ulibaki nusu.

Kamati ikaketi, na posho ikalipwa kabla ya maombi ya kufungua. "Kabla Buibui hajaja, Tembo alikuwa haanguki," akasema Mwenyekiti Fisi. "Nani hapa hajui kujumlisha?" Wote walijua kujumlisha. Halafu Fisi akashusha sauti: "Na kuna waliomwona bundi juu ya paa."

Baraza zima likashusha pumzi. Bundi kweli alikuwa juu ya paa kila usiku, kwa sababu ndiye askari waliyemwajiri wenyewe. Kazi yake ilikuwa kukesha, na kila kinachotokea gizani kukikwaruza kwenye boriti: saa fulani, jambo fulani. Lakini bundi ni bundi. Wakamfukuza kwa mawe, kisha kwa pendekezo la mwenyekiti wakairanda boriti yote na kuipaka chokaa ili nuksi isibaki. Ushahidi pekee wa usiku tatu ukafagiliwa pamoja na maranda.

Wakaletwa wataalamu. Hawa walikuwa Heroe, waliohamia Bogoria maji ya Ziwa Nakuru yalipopanda, lakini katika barua zao bado waliandika Nakuru. Wakalitazama tatizo kwa mguu mmoja mmoja. Kisha kwa siku moja wakabadilisha majani ya Tembo, wakamgeuza uso uelekee Menengai, wakamhamisha Buibui kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia, wakasogeza saa nane kuwa saa kumi. Jumamosi ile Tembo hakuanguka! Vigelegele vikasikika hadi Salgaa, na Heroe wakaondoka na magunia yao. Jumatatu ndipo Buibui alipopata nafasi ya kusema kwamba katika kuhamishwa huko kigurudumu kilisahaulika upande wa kushoto, kwa hiyo usiku ule Tembo hakusimulia hata neno moja. Ripoti ilikuwa imekwisha kupigwa muhuri.

Jumamosi iliyofuata, puu.

"Basi asisimulie," akasema Fahali. "Kama kusimulia kunamwangusha, anyamaze." Mikono mingi ikainuka, na mimi siwalaumu sana. Ni tiba inayofanya kazi mpaka siku Tembo atakapokufa. Korongo mweupe, aliyekuwa ametua kutoka Ulaya kama kawaida yake, aliomba kusema. Alieleza kwamba Februari 2011 Google wenyewe walipotewa na barua za baadhi ya watumiaji wa Gmail, nakala zote zilizokuwa kwenye mashine zikiwa zimeguswa na kosa lile lile, na kilichowaokoa ni tepu zilizokuwa zimewekwa kando. Akaambiwa mambo ya Ulaya ayaache Ulaya.

Bibi Kobe hakupiga kura. Alitembea siku mbili hadi kwenye mgunga alikohamia Bundi.

"Mjukuu wangu, uliona nini?"

"Bibi, si mliiranda boriti yangu?"

"Kichwa chako hakijarandwa."

Bundi akakizungusha kichwa hicho. "Jumamosi ya kwanza alianguka saa tisa na robo. Ya pili uzi ulikatika njiani, wakachelewa, akaanguka saa tisa na nusu. Baada ya Heroe nilisikia kishindo kutoka huku: saa kumi na moja na robo. Saa inahama, Bibi. Gunia ndilo halihami. Akifika gunia la 412 anavuta pumzi, anajaribu. Anavuta tena, anajaribu. Ya tatu, chini." Akanyamaza kidogo. "Palikuwa na mkwaruzo mwingine, wa usiku wa Alhamisi kabla ya Jumamosi ya kwanza. Huo hakuna aliyeniuliza."

Msomaji anayelinda mitambo amekwisha kumtambua Tembo. Ni seva yake, inayozima kila usiku wa nakala ya tepu. Ziko Jumamosi ambazo Buibui ana hatia kweli: kebo ya SCSI isiyo na kizuizi mwishoni, au programu ya kusaka virusi iliyopangiwa saa ile ile. Lakini mchana watu huuliza gunia la jana. Doa bovu kwenye diski laweza kukaa miezi bila kuguswa, hadi usiku ambao mtu mmoja anaagizwa kuuliza yote.

Kobe aliporudi aliitisha baraza saa sita mchana, jua la utosi. Buibui akawekwa nje, ng'ambo ya reli, kila mtu amwone.

"Mzee Tembo, gunia la 411 ni la nani?"

"La Punda. Kilo 90."

"La 412?"

Tembo akavuta pumzi. Fisi akasimama, akakumbusha kikao kwamba chakula kinapoa. Tembo akavuta ya pili. Ya tatu, puu, mchana kweupe, na uzi hakuna.

Walipomgeuza wakaona nyuma ya sikio kidonda kilichokauka, chenye alama za meno. Kila mnyama akatazama meno ya jirani yake. Fisi alikuwa anacheka, lakini Fisi hucheka siku zote.

"Kidonda tutakitibu," akasema Kobe. "Lakini vigurudumu vya miezi mitatu ya kwanza vipo Kampi ya Moto, vizima. La 412 limefumwa humo. Punda, nenda ukalete."

"Nitamsindikiza mimi," akasema Fisi, na kicheko kimekatika. "Barabara ile si nzuri kwa mnyama aliye peke yake."

Punda akalegea masikio. "Ahsante, Mheshimiwa, lakini hakuna haja. Bundi aliondoka tangu asubuhi."

Wote wakainua macho. Upande wa Kampi ya Moto, juu kabisa, kulikuwa na kitu kidogo cheusi kikija polepole, na chini yake uzi mrefu ulining'inia.