Maji ya Kuoshea Uso wa Koko

Vitabu vya upigaji picha vina bomba kila ukurasa. Ukishasafisha filamu, vinasema, iache chini ya maji yanayotiririka. Kwetu Doldol maji hayatiririki. Yanatoka kisimani kwenye mitungi ya lita 20, juu ya punda au mgongoni mwa mwanamke, na kila mtungi unaoingia uani tayari una kazi yake: wana-mbuzi, chai, uji, sare za shule. Nilipomwambia mke wangu kwamba nahitaji mitungi miwili ya kuoshea picha za Koko, hakunijibu. Aliitisha kikao cha nyumba nzima.

Koko ni mama yake baba. Picha yake pekee ni ile ya kitambulisho, nayo imefifia hata hatambuliki. Wazee wake walikuwa Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, warina asali walioishi mapangoni, ambao mwanzoni mwa karne ya 20 waligeukia ufugaji na lugha ya Kimaa. Nilitaka picha ambayo mjukuu wa mjukuu wake ataweza kuhesabu ndani yake kila ushanga na kila mkunjo wa shavu. Ndiyo maana nilitumia kamera kuukuu ya mbao na filamu ya vipande, inchi 4 kwa 5, kila picha na kipande chake.

Kikaoni Koko mwenyewe alipinga: mbuzi kwanza. Mama akauliza kama dawa zangu zitagusa vyombo vya chakula. Lilikuwa swali la haki, maana dawa ya kukazia picha hubeba fedha inayotoka kwenye filamu, na haifai kumwagwa mahali mnyama atakunywa. Tukakubaliana: mtungi mmoja, si miwili. Beseni la dawa hiyo halirudi jikoni kamwe, na dawa iliyotumika inafungiwa kwenye dumu.

Dawa ya kutoa picha ilikuwa kahawa. Mwaka 1995 Scott Williams na wanafunzi wake wa Rochester Institute of Technology, Marekani, walionyesha kwamba kahawa inayoyeyuka majini ikichanganywa na magadi hutoa picha. Baadaye watu wakaongeza vitamini C. Kwa lita moja unaweka gramu 40 za kahawa, 54 za magadi na 16 za vitamini. Lakini magadi ya sokoni, haya tunayopikia maharagwe, ni mapole mno. Lazima yakaangwe, moto uyaondolee maji na hewa ya ukaa, yabaki unga mkali. Mke wangu aliyakaanga kwa subira mpaka yakawa meupe. Mchanganyiko wake ulinuka vibaya hata watoto wakahamia kwa jirani kwa muda.

Kisha giza. Filamu yetu huona rangi zote, hata nyekundu, kwa hiyo taa nyekundu za studio hazifai. Tulingoja usiku usio na mwezi. Shuka na mablanketi yalifunika mlango na dirisha, na watoto wakaziba matundu ya misumari kwenye mabati kwa sabuni ya mche, kadiri mikono yao ilivyofika. Simu zote zilikusanywa chumba cha pili.

Gizani kidole ndicho jicho. Kila kipande kina mapengo madogo ukingoni. Yakiwa juu kulia, upande wa dawa unakutazama. Vipande vinne vililoweshwa kimoja kimoja majini visije vikagandana, vikaingia kwenye kahawa ya nyuzi 20. Kutoka hapo kazi ni kuchomoa cha chini na kukiweka juu, taratibu, dakika 15. Mke wangu aliketi na saa upande wa pili wa blanketi akiita dakika.

Alikuwa ameita ya tisa shemeji alipofika na pikipiki kutoka Nanyuki. Simu yake ilikuwa imezima. Hakuwa na habari yoyote. Mwanga wa taa ukapenya matundu ya juu, yale ambayo watoto hawakuyafikia, na vidoa vyeupe vikakimbia ukutani hadi juu ya beseni. “Zima taa!” mke wangu akapiga kelele. Shemeji akazima pale pale, akiwa bado mwendoni, akaingia kwenye ua wa miiba. Mbuzi wakatoka. Nyumba nzima ikawafuata.

Nilibaki na mikono ndani ya kahawa, bila wa kuniitia saa. Ndipo sauti ya Koko ikaja kutoka upande wa pili. Hasomi saa, lakini alikuwa amesikia jinsi dakika zilivyokuwa zikiachana, na sasa alihesabu kwa Kimaa, polepole, bila kuharakishwa na kelele za nje. Alizihesabu zote zilizobaki.

Kipande kilichokuwa juu kilipata madoa usoni mwa Koko. Vitatu vya chini vilipona, kwa kuwa kahawa ile nzito ilivikinga. Baada ya dawa ya kukazia, kuosha nilifuata njia ya kampuni ya Ilford ya Uingereza ya kuokoa maji: maji mapya, tikisa mara 5, mapya tena, mara 10, ya mwisho, mara 20. Suuzo la kumalizia lilikuwa maji ya mvua, kwani ya kisimani huacha chumvi yakikauka. Mama akavitundika ndani ya chandarua cha mtoto, vumbi lisivifikie. Mbuzi wa mwisho alipatikana alfajiri.

Asubuhi Koko aliinua negetivu juani. Nywele zake nyeupe zilikuwa nyeusi, uso umekuwa mweupe, akauliza ni nani huyo. Nilipomweleza, alivitazama vyote tena, kimoja kimoja. Kile chenye madoa kirudiwe, akasema, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa ameketi vizuri. Mvua ikinyesha. Na mtungi atautoa kwenye maji yake mwenyewe.