Kidude cha Bwana Afya

Jamani, mwenyekiti akisinzia kikaoni anatafakari. Mimi nikisinzia ni mzembe. Juzi kwenye kikao cha wazazi, shule ya msingi hapa kwetu Njombe, usingizi ulinibeba mpaka kichwa kikagonga dawati, pwaa! Darasa zima likacheka. Dawati lenyewe la darasa la tatu, magoti yamenifika kidevuni, hata kukimbia aibu siwezi.

Na mnilaumu kwa lipi? Baridi ya Julai huku mnaijua. Madirisha ya lile darasa yamezibwa kwa mbao na viroba vya mbolea, hata sindano ya upepo haipenyi. Fundi nani? Mwenzenu. Kwa kujitolea, misumari yangu.

Basi bwana afya, kijana mdogo tu, akatoa kidude chenye kioo. Nje kilikuwa kimesoma 420 na ushee. Mle ndani namba zikaanza kupanda. 1,000. 1,800. 2,600! Nikapiga makofi. Nilijua ndiyo shule inafaulu hivyo. Nilipiga peke yangu, na makofi ya mtu mmoja chini ya bati yanasikika mpaka barabarani.

Kumbe zile ni chembe za hewa ukaa katika kila chembe milioni za hewa. Eti pumzi anayoitoa mtu ina hewa ukaa kama asilimia 4, mara mia hivi ya ile ya nje. Fungia watoto 80 humo asubuhi nzima, wanavuta walichotoa wenzao. Kidude kikipita 1,000, anasema, ujue hewa haizunguki. Kichwa kizito, macho yanafumba, na mafua ya mmoja yanakuwa ya wote. Mwalimu wa hesabu akanikazia macho. Siku zote nasema mwanangu anasinzia kwenye hesabu kwa uvivu wa kwa wajomba zake. Mama yake alikuwa ubavuni kwangu. Sikugeuka.

"Fungueni," akasema bwana afya. Nani afungue? Mwenye misumari. Natoa kiroba cha kwanza tu, moshi huo! Jiko la shule liko upande ule ule upepo unakotokea. Mafiga, sufuria la uji, kuni mbichi. Tukakohoa mpaka mtendaji akavua miwani. Halafu cheki maajabu: namba zinashuka! Kidude kinapima hewa ukaa tu, moshi hakiuoni. Sisi machozi, chenyewe kimeridhika. Nikauliza kama sasa ndiyo tumefaulu. Hakuna aliyenijibu.

Serikali nayo ina mkakati wake wa nishati safi ya kupikia, 2024 mpaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Kwa moshi ule, nadhani sisi tumepangwa kwenye ile 20.

Kamati ya shule ikaamua haraka, maana macho yalikuwa yanawasha. Jiko lihamie nyuma, upepo uondoke na moshi wake. Ukuta wa pili utobolewe matundu juu, hewa ipite huku itokee kule. Sakafu ya udongo inyunyiziwe maji kabla ya kufagia, vumbi nalo lisitimke. Mtoboaji? Msiniulize.

Nikaanza kuokota misumari yangu niende zangu. Mwenyekiti akanizuia mlangoni. Eti ikishaingia kwenye jengo ni mali ya shule. Nikaihesabu mbele ya wazazi wote, nikasaini daftari. Wakasema mmoja umepungua, niulete kesho.