Mteremko wa Usambara na Mapaja ya Mwalimu

Miongoni mwa misuli mia sita na ushei aliyojaaliwa mwanadamu, hakuna hata mmoja ujuao kusukuma. Yote, tangu ule mnene wa kalio hadi ule mdogo kabisa uliojificha ndani ya sikio, kazi yake ni kuvuta, na ikisha kuvuta hulegea na kungoja mwenziwe wa upande wa pili airudishe mahali pake. Habari hii niliitoa mbele ya kadamnasi siku ile lori lililotuchukua kurudi Magoma kutoka harusini, huko milimani upande wa Bungu, lilipozama katika tope la masika, tukagawanywa makundi mawili, wengine wakashika kamba ya mkonge kule mbele, na wengine, nami nikiwamo, tukaegemeza mikono nyuma. Nilisema kwa taadhima kwamba kwa hakika sisi wa nyuma nasi twavuta, kwani mkono unyookapo ili kusukuma, ni msuli wa nyuma ya mkono ndio uuvutao mfupa wa kiwiko. Utingo akanijibu, "Basi Mwalimu, vuta na hiyo midomo uifunge, tulisukume gari."

Lori halikutoka topeni. Lakini wale wa mbele, bighairi ya kujua, walikuwa wakinionyesha kwa mikono yao yale yatendekayo ndani ya msuli: kila mmoja alishika kamba, akavuta, akaachia, akashika mbele kidogo, akavuta tena, na kamba ikawa yawapitia ingawa yenyewe haifupiki hata kwa unene wa ukucha. Ndani ya msuli zimo nyuzi nene za mayosini zilizojaa vichwa vidogo, na nyuzi nyembamba za aktini zilizolazwa kati yake. Amri ikishuka kutoka kwenye ubongo kwa njia ya neva, kalsiamu humwagwa ndani ya msuli, mahali pa kushikia pakafunuka, na vichwa vile vikaanza kushika, kuvuta na kuachia, hata nyuzi zikapishana na msuli wote ukafupika. Siri ya kupishana kwa nyuzi ilifumbuliwa mwaka 1954, pale jarida la Nature lilipotoa katika toleo moja makala mbili, moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, ya pili ya Hugh Huxley na Jean Hanson. Na hao Huxley wawili hawakuwa na udugu wowote, jambo ambalo mzee mmoja wa hapa kwetu niliyemsimulia alilikataa katakata, akashikilia kwamba lazima babu zao waligombania shamba.

La kustaajabisha zaidi ni kwamba ile molekuli ya nishati iitwayo ATP, ambayo mwili huitengeneza kutokana na ugali na maharage, yahitajika si kwa kuvuta tu bali hata kwa kuachia. Ikikosekana, vichwa vile hubaki vimeng'ang'ania hapo hapo, na hiyo ndiyo sababu maiti hukakamaa: si kwamba amepata nguvu mpya, bali amekosa hata ile ya kuachia.

Basi tukashuka kwa miguu. Mwenye kututazama kutoka bonde la Lwengera angedhani twaburudika, maana mteremko humkimbiza mtu bila kumwomba pumzi, nami nilikuwa na mkungu wa ndizi begani, zawadi ya wakwe, mwenzake nikiwa nimeuacha lorini. Kumbe ghadhabu yote ya milima ile i katika kushuka. Kila hatua, msuli wa mbele ya paja hukaza ili goti lisikunjike likakubwaga, ilhali uzito wa mwili, na mkungu juu yake, waurefusha kwa nguvu. Wavuta huku wavutwa, na hapo ndipo sehemu zake zisizoonekana kwa jicho hupata mipasuko midogo midogo. Maumivu nayo hayaji papo hapo. Kesho yake niliamka nimechangamka, nikatembea sokoni nikiwacheka vijana waliolalamikia magoti. Kesho kutwa yake sikuweza kuketi.

Choo chetu ni cha kuchutama, na juu ya hilo sitasema zaidi ya kwamba mlango wake ni imara kuliko nilivyoudhania. Msikitini ndiko nilikopata sifa nisiyoistahili. Rukuu niliimudu, sijida niliishukia kwa kuanguka, jambo lililofanana na unyenyekevu, lakini kuinuka kulinishinda, na imamu akasoma, akakaa, akatoa salamu, nami paji langu li mkekani bado, nikiyasihi mapaja kwa siri. Kimya kikubwa kikatanda nyuma yangu. Nilipoinuliwa hatimaye kwa kushikwa makwapa, mzee mmoja alikuwa akifuta machozi, na kabla sijafika viatuni jirani yangu alinivuta faraghani, akaniomba nimwombee dua kwa ajili ya mbuzi wake aliyepotea.

Matabibu hawakukosekana. Mmoja alisema ni damu kuganda, mwingine akaleta mafuta ya nyonyo, na kijana wa duka la dawa akatamka, kwa ile sauti ya mtu aliyesoma kikaratasi cha ndani ya kasha, kwamba asidi imejaa miguuni. Asidi aliyoikusudia huondoka mwilini kwa muda wa saa moja hivi tangu mtu kupumzika, haiwezi kamwe kungoja hadi kesho kutwa. Na tangu mwaka 1902 Mmarekani Theodore Hough alikwisha kuandika kwamba maumivu ya namna hii yaelekea hutokana na kupasuka ndani ya msuli wenyewe. Aliyenena la maana ni mzee aliyekata mkonge ujanani, zama za manamba. Alinitazama nikishuka kibarazani kinyumenyume kama mtu ashukaye ngazi ya minazini, akasema, "Mwanangu, sisi juma la kwanza tulikuwa hivyo hivyo. Dawa yake ni kurudi shambani."

Nami nikaona amesadifu maarifa ya wataalamu, nikamweleza mke wangu jioni ile, nikiwa nimelala chali, kwamba msuli uliokwisha kuumizwa na mteremko hujitengeneza kwa namna ambayo, kwa majuma kadhaa, mteremko wa pili hauudhuru kama wa kwanza. Alinisikiliza kwa adabu yake yote.

"Alhamdulillahi, Baba Zuhura," akasema. "Shemeji yako ametuma salamu kwamba ule mkungu ulioachwa lorini wamekuwekea. Ukipata nafuu uufuate, kabla hayo majuma hayajakwisha."