Fundi, Punguza Kidogo

Ukitaka kujua Nairobi ina mafundi wangapi, inua boneti ya Subaru yenye turbo kando ya barabara, kisha usubiri. Atakuja mlinzi wa jengo la jirani, atakuja muuza mahindi, atakuja mtu wa bodaboda aliyekuwa anamkimbiza abiria hospitali, na abiria mwenyewe atashuka. Wote wana dawa moja: ongeza presha ya turbo.

Hakuna hata mmoja atakayekuuliza gari unalipeleka wapi. Langu hulipeleka Whistling Morans, ule uwanja wa mbio ulio upande wa Athi River, ambako mtu mzima mwenye mkopo wa benki huvaa helmeti na kuzunguka mpaka roho yake iridhike. Kule si kama barabarani. Barabarani ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, baada ya sekunde chache utakutana na tuta, lori la saruji au askari, na injini itapata nafasi ya kuhema. Uwanjani hakuna askari. Unakanyaga, unashika breki, unakata kona, unakanyaga tena, na joto la mzunguko huu linalikuta la mzunguko uliopita bado limekaa kitako.

Forester yangu ina injini ya lita 2.0 iliyotoka kiwandani Japani na nguvu za farasi 220. Huko kwao, petroli ya daraja la juu haitakiwi kushuka chini ya oktani 96, na nyingi hukaribia 100. Super ya kawaida ya pampu zetu haifiki huko. Petroli ya oktani ndogo ikibanwa sana na kupata joto sana, hujilipukia yenyewe pembeni mwa silinda bila kungoja zamu yake, na pistoni hupigwa nyundo. Mwenye gari wa kwanza alikuwa amepandisha presha hadi bar 1.2, akaliuza upesi. Nilimwelewa.

Basi nikaenda kwa fundi Industrial Area nikamweleza ninachotaka: presha isizidi bar 0.8, cheche za plagi zicheleweshwe digrii mbili tatu, na mguu ukiwa chini petroli iwe ya kutosha, kilo moja kwa kila kilo 11 hivi za hewa, maana petroli ya ziada huipoza silinda. Tena presha isiingie yote kwa kishindo mizunguko ikiwa bado chini, kwa sababu hapo ndipo gia boksi za Subaru za gia tano hupukutika meno.

Fundi akanitazama kama mgeni aliyefika harusini akaomba pilau isiyo na nyama.

"Boss, watu hulipa kuongeza."

"Mimi nalipa kupunguza."

"Bei ni ile ile."

"Sawa."

Akawaita vijana wake watoke chini ya magari waje kuniona.

Nikamkumbusha kwamba mwaka 1993 Patrick Njiru aliingia Safari Rally na Subaru Vivio, kagari ka sisi 660, akafika mwisho na kushinda daraja lake huku magari yenye nguvu za kutisha yakiachwa porini. Fundi akafuta mikono, akafikiri kidogo. "Huyo alikuwa Njiru," akasema. "Wewe ni wewe." Sikuwa na jibu, lakini alipunguza.

Shida ikahamia kwa shemeji. Huyu ni kaka wa mke wangu, anaishi Mombasa, na kwake gari lisilotoa mabomu kwenye ekzosi ni maiti. "Shemeji, mbona imenyamaza hivi? Haipigi hata risasi moja?" Nikamwambia ule mlio ni petroli inayowakia nje ya silinda, kwenye bomba, na anayebeba moto huo ni turbo maskini. Akasema hilo ni jambo la turbo, si la kwetu.

Halafu akaanza kwamba magari ya Nairobi ni mavivu, kwamba yeye Nyali kwa bar 1 anapaa. Hapo nilichukua risiti ya nyama choma nikamwandikia hesabu nyuma yake. Pwani hewa yenyewe, kabla turbo haijagusa kitu, ina mgandamizo wa bar 1.01 hivi. Nairobi, mita 1,700 juu ya bahari, ni kama 0.82. Kwa hiyo bar 1 ya kwenye geji si kitu kimoja huku na huko. Ili injini ya Nairobi ipate hewa ile ile ya Nyali, turbo lazima iisindike karibu mara 2.45 badala ya mara 2. Itazunguka kwa kasi zaidi, itatoa hewa ya moto zaidi, na tutarudi kwenye nyundo za pistoni. Shemeji akaisoma ile risiti mbele na nyuma, akauliza nani aliagiza mbavu za ziada, kisha akasema, "Kwa hiyo unaongeza presha."

Siku ya uwanjani nilimbeba mjomba. Alikuwa ameambiwa tunakwenda mashindanoni, kwa hiyo alivaa suti. Mizunguko ya kwanza aliifurahia, akaomba hata tumkaribie mtu fulani wa mbele ambaye hakupenda gari lake. Sindano ya maji ilipoanza kupanda, nikaondoa mguu, nikaingia kwenye mzunguko wa kupoza, nikafungua hita mpaka mwisho, feni namba nne. Hita ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Inavuta joto kutoka kwenye maji ya injini na kulimwagia abiria.

"Mwanangu, kuna moto huku miguuni."

"Ni hita, mjomba."

"Hita? Athi River? Saa saba mchana?"

Nikaanza kumweleza mambo ya rejeta, lakini tayari alikuwa na simu mkononi, helmeti imekaa upande. "Dada, huyu mtoto wako anataka kunipika." Mama, kwa sauti niliyoisikia hata mimi, akamuuliza kama amekula.

Kulikuwa na kijana mwenye Impreza nyeupe ya lita 2.5. Karatasi ya daino ilikuwa imebandikwa kwenye dashibodi, imetiwa plastiki isichafuke: farasi 380. Alitupita wote asubuhi, tena kwa adabu, akipunga mkono. Mchana akaja kwenye sehemu ya kupumzikia polepole, injini ikisema tak-tak-tak. Mtu mmoja akafungua kifuniko cha oili ikiwa bado inanguruma, na moshi ukatoka ukihema, pufu, pufu, kwa mpigo mmoja na ile tak-tak. Wanaozijua zile injini wakatajiana silinda ya nne, kwa sababu ndiyo yenye sifa ya kumeguka pistoni kwenye kingo zinazoshika ringi. Mjomba alivua koti kwa heshima.

Tukampa kijana lifti. Mjomba akamwachia kiti cha mbele, akidai nyuma kuna baridi. Kutoka Athi River tulikuwa hatujafika Mlolongo foleni ikafunga, na kijana akapata wasaa wa kunisaidia. Akasikiliza injini, akauliza presha, nikamwambia. Akacheka kwa huruma. Akanitajia intakuula kubwa, pampu ya petroli, fundi wake ambaye hapokei wateja hivi hivi ila atamsemesha. Bar 1.3 ningeifikia bila taabu, akasema, na gari lingekuwa tofauti kabisa.

Mjomba akainama katikati ya viti.

"Na lako liko wapi, kijana?"

Kijana akanyoosha kidole kwenye brekidauni iliyokuwa mbele yetu.