Heko kwa Ufunguo Usioaminika

Tuwape haki yao watengenezaji wa kompyuta. Unapoiwasha mashine, kabla hata Windows haijaamka, programu ya UEFI hukagua saini ya kila kinachotaka kuanza. Kisicho na saini hakipiti. Juu ya saini zote umekaa ufunguo mkuu mmoja. Kampuni ya AMI ilitoa wa majaribio, kila kiwanda kije kiweke wa kwake. Julai 2024 watafiti wa kampuni ya usalama ya Binarly wakatuonyesha kwamba katika mamia ya aina za kompyuta hakuna aliyejisumbua. Na jina la ufunguo huo, kwa herufi kubwa, lilikuwa agizo: USIAMINI.

Uungwana ulioje! Mganga gani huandika kwenye chupa yake kuwa si dawa? Mgombea gani hutundika bango la “msinichague”? Hawa waliandika, na wakauza, tangu 2012. Hata nakala ya siri ya ufunguo huo ilipozagaa kwenye tovuti ya GitHub, ililindwa kwa nywila ya herufi nne. Tano zingekuwa majivuno.

Wapo wanaonung’unika, kama kawaida yao. Lakini ukaguzi ulifanyika kila asubuhi, bila kukosa. Skrini ilisema ulinzi umewashwa. Na kweli ulikuwa umewashwa.